Oighrig wa Kivuko cha Chuma

Marehemu Oighrig NicAoidh alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika kijiji cha Gearraidh Mòr, kisiwani Lewis, mtoto wa kwanza wa Fionnlagh na Mairead. Babu yake mhunzi ndiye aliyepigilia chuma mwambani pale mtoni, ili wavukaji wapate pa kushika maji yakijaa. Pakaitwa Àth an Iarainn, Kivuko cha Chuma, na ukoo wake ukaitwa watu wa Chuma.

Alisoma kijijini, kisha Stornoway. Huko wasichana wa mjini walimkejeli: "We Chuma, sogea huko, utatupaka kutu!" Jina likawa aibu kwake.

Agosti 1957, akiwa nyumbani likizo, wapima ramani walimuuliza jina la kivuko. Kwa Kigaeli, lugha yetu, chuma ni *iarann*, ardhi ni *fearann*. Katika jina la mahali hayo mawili husikika karibu sawa. Oighrig akawaandikia Kivuko cha Ardhi.

Ramani ilipotoka, Fionnlagh alimfuata jirani yake Murchadh, aliyewabebea wapima vyombo vyao.

"Murchadh, jina la baba yangu limekukosea nini?"

"Fionnlagh, Mungu shahidi wangu, sikutia neno langu pale."

"Basi limejiandika lenyewe!"

Oighrig alikuwa mlangoni. Alinyamaza. Wazee wale waliokuwa wakikata pamoja udongo wa mboji, unaochomwa kama kuni, hawakusemezana tena. Murchadh alipofariki mwaka 1971, Fionnlagh hakulibeba jeneza.

Oighrig alifundisha miaka thelathini na minne. Aliolewa na Ailean, mfumaji, tarehe 14 Juni 1966. Ailean alimposa huku kitanda cha kufumia nguo kinanguruma. "Simamisha hicho, uulize tena," Oighrig akamwambia. Alipouliza tena, akacheka: "Hata mara ya kwanza nilisikia."

Februari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Mwezi Aprili akamwita mpwa wake Tormod, anayesoma wasifu huu, akamsimulia yote, kisha akaomba aletewe Ceit, binti wa Murchadh.

"Ceit, ni mimi niliyeandika. Si baba yako."

"Baba alijua. Alikuona ukiandika."

"Mbona hakusema?"

"Alisema, 'Yule ni mtoto. Akichapwa kwa kinywa changu, nitalalaje?'"

Oighrig aligeukia ukutani, akalia kwa sauti. Alitarajia kulaumiwa, si hilo. Aliagiza haya yasomwe mbele ya watu, bila kupunguzwa neno. Alifariki siku kumi na moja baadaye, tarehe 3 Mei, Ceit akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Ailean, binti, Seonag, wajukuu wawili, na mpwa, Tormod. Ceit ameomba ahesabiwe miongoni mwa wafiwa, na familia imekubali kwa unyenyekevu.

Bwana amsamehe, amlaze pema.