Chungwa la Torgeir na Ndoo ya Pasaka

Ukitaka kutuona wakati wa Pasaka, usihangaike kutugongea kwenye vibanda vyetu vya likizo. Njoo kwenye benchi la ukuta wa kusini wa duka la Hovda, pale jua linapopiga mbao mpaka zinanuka lami, ingawa theluji bado inafika kiunoni. Duka lenyewe limefungwa kwa sikukuu, na hiyo ndiyo raha yake, hakuna wa kutuuzia wala kutufukuza. Kila mtu huja na ngozi yake ya kukalia na machungwa yake mfukoni. Kahawa huja nayo mimi, Borghild, kwa sababu kahawa ya wenzangu ni maji yaliyosuuzia vikombe. Tena ndipo mahali pekee huku mlimani simu zinaposhika mtandao, kwa hiyo hata wasiotupenda hutupitia. Ijumaa Kuu hiyo nilikuwa na wale wawili wa siku zote. Oddvar aliendesha gari la kusukuma theluji maisha yake yote, lakini tunamwita Wakili, maana tamthilia za mahakamani zimempanda kichwani. Ragnfrid alikuwa akishona mapazia, lakini tunamwita Daktari. Hakuna tamthilia ya hospitali iliyompita, na akikukazia macho kidogo tu, tayari ameshakupa ugonjwa. Tulikuwa tunamjadili marehemu wa tamthilia ya mwaka huu. Kwetu Pasaka bila mtu kuuawa kwenye runinga si Pasaka, ni baridi tu.

— Mimi yule mpelelezi simwelewi, nikaanza. Sehemu zote hizo hajatia kitu mdomoni. Anasimama dirishani, anatazama ziwa. Nani anamfulia soksi?

— Ana huzuni, Borghild, akasema Daktari.

— Hata mimi nina huzuni, na ninakula.

— Kinachonikera mimi ni ile nyumba yake. Vioo kuanzia sakafuni mpaka darini, na hata alama ya kidole haipo! Mtu anaishi peke yake, anashinda na maiti, madirisha anayafuta saa ngapi?

— Nyinyi mnasema madirisha, akadakia Wakili. Taa je? Mchungaji kauawa kwenye banda la kupakia nta skii. Mpelelezi anaingia na kitochi kama anatafuta hereni. Swichi iko ukutani! Naiona mimi niliyekaa kwenye kochi langu na mke wangu ananikoromea begani!

— Muuaji ni mpiga kinanda, akasema Daktari. Mikono inamtetemeka. Yule ana tezi ya shingo.

— Tezi haiui mchungaji.

— Haijaua bado.

Hapo ndipo Torgeir alipotokea. Anateleza juu ya skii zake, zile mbao ndefu za miguuni, polepole, kichwa chini, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Torgeir tunamwita Ndoo, na jina hilo hakulipata bure. Kibanda chake kina choo cha nje, cha ndoo. Yeye na mkewe, Gudveig, wana desturi yao. Kabla sehemu ya mwisho haijaanza, kila mmoja anaandika jina la muuaji kwa kalamu juu ya chungwa, wanayaweka dirishani, wanatazama. Aliyepatia anamenyewa machungwa yote mawili. Aliyekosea, kesho yake anaibeba ndoo ya Pasaka nzima kuipeleka shimoni, kwa kufuata njia ya skii, mbele ya watoto na wakwe na watu wazima wanaojua kucheka. Kwa miaka sasa, mbebaji ni mmoja.

— Ndoo! Wakili akaita. Leo ndiyo leo. Unaandika nani?

Torgeir akavua glavu. Akazivaa tena.

— Nimeshaiona, akasema.

— Umeona nini?

— Sehemu ya mwisho. Jana, hapahapa kwenye benchi, nyinyi mmekwenda kula. Nilikuja kuangalia hali ya hewa kwenye simu. Nikakuta sehemu zote ziko mtandaoni tangu Jumatano. Kidole kikateleza.

— Kidole kiliteleza muda wote huo?

— Kiliganda, Borghild. Palikuwa na baridi.

Daktari akajiziba masikio kwa maganda ya machungwa. Wakili akasimama, mkono juu.

— Usitaje jina! Kama shahidi huyu atataja jina, naondoka na ngozi yangu!

— Ukimtaja tu nakumwagia kahawa, nikasema, nayo ni ya moto, na mimi kahawa simwagi ovyo.

— Simtaji! Mimi shida yangu si hiyo. Nikiandika jina la kweli, Gudveig atajua nimetazama. Mimi sijawahi kupatia hata mara moja. Mwaka ule muuaji alionyeshwa mwanzoni kabisa, kisu mkononi, damu mpaka kwenye viwiko, mimi nikaandika jina la mpishi.

— Tunakumbuka, tukasema wote.

— Na nikiandika jina la uongo, kesho ndoo ni yangu. Mwaka huu wajukuu wa Hovda mwenye duka wamekuja na kamera. Tena mgongo unaniuma.

— Mwambie mkeo basi, nikasema. Mwambie umetazama, chukua ndoo, maisha yaendelee.

Walinitazama wote watatu kama nimependekeza tumle mbwa wa mtu.

— Nimwambie Gudveig? Borghild, bora nimwambie nina mwanamke bondeni. Hilo tutagombana, atauliza anapika nini, yataisha. Lakini kutazama kabla ya mwenzako! Sharti letu ni moja tangu siku ya harusi: hakuna kutangulia. Kila jioni ya baridi tunakaa kwenye kochi lile, blanketi moja, bakuli moja. Akijua nimetangulia, nitatazama tamthilia na jiko.

Pale nikaona kwamba mzaha wa ndoo ulikuwa juu juu tu. Mtu alikuwa anagombania nusu yake ya blanketi.

— Tulia, mteja wangu, akasema Wakili, akajimiminia kahawa yangu bila kuomba. Kesi hii tunaishinda. Mchana kutwa zunguka kibandani ukitaja majina ya ovyo. Sema ni mjane. Sema ni daktari wa mifugo. Sema ni mbwa. Halafu dakika ya mwisho, kalamu ikiwa mkononi, simama ghafla, jipige paji la uso, uandike la kweli. Atadhani umepata wazo.

— Torgeir? Wazo? nikauliza.

— Basi akumbushwe kwamba binadamu hubadilika! Na Gudveig mwenyewe ana kumbukumbu gani? Mwaka jana si alishuka bondeni kwa dada yake Jumatano kuchukua paja la kondoo la Pasaka, akashinda huko mpaka jioni, akarudi bila kondoo?

— Tulikula soseji, akakiri Torgeir.

— Umeona! Mtu wa namna hiyo atakushinda?

Daktari akatoa maganda masikioni.

— Nyinyi hamjui uso wa binadamu. Uongo unaonekana usoni hata uandike nini. Hebu, Ndoo, nionyeshe utakavyoshangaa muuaji akitajwa. Haya, anatajwa sasa!

Torgeir akafumbua macho, akafumbua na mdomo.

— Hapana. Hiyo ni ya mtu aliyekalia uma. Shangaa kidogokidogo. Anza na nyusi.

Akaanza na nyusi. Moja ikapanda, nyingine ikakataa. Wakili akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani, nami nikasikitikia kahawa.

— Uso umeshindikana, akasema Daktari. Basi tuingie kwenye tiba. Utazimia. Kabla ya kuandika, chungwa likiwa mkononi, unaanguka. Mtu aliyezimia haandiki, na mtu aliyezimia habebeshwi ndoo, hata jeshini. Lakini uanguke kushoto, kulia kuna jiko.

— Jaribu, jaribu! Wakili akapiga makofi.

Mtu mzima yule, mwenye pensheni na wajukuu, akasimama mbele ya duka, chungwa mkononi, akaangukia kushoto. Theluji ikammeza mpaka kiunoni, miguu ikabaki juu na skii zake zimepishana. Familia iliyokuwa inapita ikasimama. Mama wa watu akauliza kama anahitaji msaada.

— Yuko mazoezini, nikamjibu.

Tulipomvuta, chungwa lilikuwa bado mkononi, limepasuka.

— Huo ndio mwanzo wa wazo langu jingine, akasema Wakili, macho yanamng'aa. Kula ushahidi! Andika jina, na kabla hajasoma, lile chungwa unalitia mdomoni na maganda yake.

— Atakabwa, akasema Daktari.

— Akikabwa hazimii? Si mpango wako huo? Lakini sikilizeni, kuna njia safi zaidi. Kata waya wa antena. Hakuna picha, hakuna muuaji. Hakuna muuaji, hakuna aliyekosea!

— Atakuja kutazama kwangu, nikasema.

— Nakata na wako. Nakata nyaya za mlima mzima!

— Sasa umekuwa jambazi.

— Kwa ajili ya mteja! Au twende kwenye mzizi. Kesi yote imesimama juu ya nini? Juu ya choo. Tuchome choo! Hakuna choo, hakuna ndoo, hakuna mbebaji!

Daktari akasimama, amewaka mashavu.

— Na mimi naleta mafuta ya taa! Tutasema ni radi!

— Radi, jua likiwaka hivi? nikawauliza. Na baada ya kukichoma Torgeir atakwenda wapi kujisaidia, kwa mpelelezi? Kule ni vioo vitupu.

Tulicheka mpaka Torgeir mwenyewe akaketi chini na kujishika mbavu. Ndipo nikagundua kuna mtu amesimama pembeni. Ni yule binti Tiril, aliyenunua kibanda kidogo cha juu msimu huu, na skii zake mpya ambazo kibandiko cha bei hakijabanduliwa. Alikuwa amekuja kutafuta mtandao, akapata sisi.

— Habari za hapa, wazee wangu. Nani anachoma nini?

Wakili akamweleza kesi yote tangu mwanzo, kwa mikono na kwa sauti mbili, ya mashtaka na ya utetezi. Binti akasikiliza vizuri, akimenya chungwa lake.

— Kwa hiyo huyu mzee hajawahi kupatia.

— Kamwe, akasema Torgeir.

— Na mama je, amewahi kukosea?

— Gudveig? Torgeir akanyooka, kifua mbele, kama anayesifia ng'ombe wake mnadani. Hakosei! Miaka ya mwanzo ya machungwa alikosea mara mojamoja, lakini miaka ya karibuni, hakuna! Mwaka jana muuaji alikuwa pacha ambaye hakuna aliyejua kama amezaliwa. Alionekana dakika za mwisho kabisa, akitoka ndani ya kabati. Gudveig alikuwa ameshamwandika. "Pacha", wazi kabisa, kwenye chungwa!

— Alijuaje? akauliza Tiril.

Torgeir akafungua mdomo. Ukabaki wazi, na huo ndio mshangao ambao Daktari alikuwa akiutafuta tangu asubuhi, nyusi zote mbili juu. Wakili akatafuta kifungu cha sheria kwenye kikombe chake. Daktari akarudisha ganda moja sikioni.

— Yule dada yake wa bondeni, nikasema taratibu, ana mtandao nyumbani?

— Ndiye wa kwanza kuuvuta nyumbani bonde zima, akajibu Torgeir. Sauti yake ilitoka mbali.

— Na mwaka huu Jumatano alishuka?

— Alishuka.

— Kondoo kaja?

Torgeir alitikisa kichwa. Kondoo hakuja.

Hapo Gudveig mwenyewe akatokea, amesimama juu ya kigari chake cha kuteleza, anasukuma kwa mguu mmoja, kofia nyekundu, machungwa mawili kapuni. Akafunga breki mbele yetu kwa kisigino.

— Mbona kimya? Nimewasikia mkicheka tangu kwenye daraja. Torgeir, mbona una theluji mpaka masikioni? Haya, shika chungwa lako, na kalamu hii hapa. Tuandike kabisa, mimi nina supu jikoni.

Torgeir akalipokea chungwa. Akaligeuza huku na huku.

— Tangulia wewe, mke wangu, akasema. Kwa upole kabisa. Umezoea.

Gudveig akamtazama. Akatutazama na sisi, mmoja mmoja, kwenye benchi. Mashavu yake yalikuwa mekundu, lakini jua la Pasaka humchoma kila mtu, na mimi si wa kuapa mbele ya Wakili.

— Kahawa ipo? akauliza.

Nikaigeuza chupa, mdomo chini. Tone moja likaangukia theluji, likatoboa tundu dogo la kahawia. Kila mtu akakunja ngozi yake.

Jumamosi asubuhi tulikuwa benchini mapema kuliko kawaida. Wajukuu wa Hovda walishapanga kamera. Kwenye njia ya skii, kutoka kwenye miti, tukaona ndoo inakuja, imepitishiwa fimbo kwenye mshikio. Mwisho mmoja wa fimbo alikuwa Torgeir. Mwisho wa pili alikuwa Gudveig. Walikuwa wanacheka, mmoja anaanza, mwenzake anamalizia, na ndoo inayumba kwa namna ambayo ilitufanya tuinue miguu yetu juu ya benchi.

— Nani kakosea? Wakili akapiga kelele.

— Sote tumepatia! Gudveig akajibu.

— Sasa adhabu ya nini?

Walipotupita, Torgeir aliongeza mwendo kidogo kwenye mteremko, fimbo ikavutika, na Gudveig akamwita kwa nyuma:

— Torgeir! Usitangulie.