Lorraine Teska na Hofu ya Kumwacha Emmett

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Lorraine Teska wa hapa Wisconsin, mama aliyeishi roho mkononi. Lorraine aligeuza shamba la marehemu mumewe kuwa mahali pa kuwafunza kazi vijana wenye usonji. Wa kwanza alikuwa mwanawe, Emmett. Hofu yake ilikuwa moja: nikifa, mwanangu atabaki na nani?

Katika mafunzo yale, mwalimu hujiondoa kidogo kidogo. Leo anasimama kando yako, kesho mlangoni, mwishowe humwoni kabisa. Lorraine aliwafanyia hivyo vijana wote isipokuwa Emmett. Kwa Emmett, miguu iligoma.

Kaka yake Lorraine, Duane, alimtania. "Dada, utamfuata mpaka chooni? Mtu mzima na ndevu zake!"

Msimu mmoja wa mavuno akajikaza. "Emmett, nenda kalete mayai yote." Akabaki jikoni. Emmett hakurudi. Kwenye banda la kuku hayupo. Na Duane alishaanza kuvuna mahindi yaliyompita mtu kimo, mashine inanguruma. Emmett huziba masikio akiwa kazini, maana kelele humtesa. Hata ungempigia mayowe, asingesikia.

Mama yule alikimbia akasimama mbele ya mashine, mikono juu. Duane anakumbuka: "Nilikanyaga breki. Alishindwa hata kutaja jina la mtoto."

Wakamkuta safu chache tu mbele ya meno ya mashine, amechuchumaa na ndoo yake, akimtazama kuku aliyetoroka bandani.

"Ulisema yote, mama," alisema. "Huyu bado hajataga."

Lorraine alitetemeka mpaka jioni. Kesho yake, wasikilizaji wapendwa, akamtuma tena. "Ya bandani tu, Emmett." Akatetemeka tena. Alimtuma hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi akaogopa, mpaka moyo wake uliposimama wiki iliyopita.

Asubuhi ya mazishi, Duane alitaka kumsindikiza mpwa wake kwenda kuchukua mayai. Emmett akamzuia kwa kiganja. "Mjomba, wewe baki ndani."

"Nikabaki," anasema Duane. "Sijawahi kuogopa vile maishani."

Tunawapa pole Emmett, Duane na vijana wote wa shamba lile. Nawe unayetusikiliza, huenda jirani yako ana mtoto kama Emmett, na swali la Lorraine linamnyima usingizi. Usimwambie asiogope, ana sababu. Nenda ukajuane na mtoto wake.