Nyumba Isiyotoa Moshi

Kila asubuhi Orla husinzia basini mpaka mjini Galway. Leo alizinduliwa na bibi mmoja aliyeketi nyuma yake na mwanawe. "Fiachra, unanijengea nyumba au chupa ya chai?"

"Mama, ndiyo sheria mpya, nyumba isivujishe joto. Tusipojenga dohani ya kutolea moshi, tunapita ukaguzi kwa bei nafuu."

"Na wageni wakija wataota moto wapi? Kwenye hiyo pampu yako ya joto?"

"Itapasha nyumba nzima joto kwa umeme, mama."

"Hata vifaranga vya kununua hulelewa hivyo hivyo, kwa joto la mashine."

Orla aliuma skafu yake asicheke. Fiachra akakunja ramani ya nyumba kwa hasira. "Basi niambie, mama, hiyo dohani ina nini hasa?"

Basi lilikuwa linasimama. Bibi alishika mkoba wake lakini hakuinuka. Sauti yake ilishuka.

"Bríd wa ng'ambo ya shamba hutazama moshi wangu kila asubuhi. Siku asipouona, atakuja kubisha hodi. Wewe unakaa mjini, mwanangu. Nikianguka ndani ya chupa yako, nani atajua?"