Baba Yangu na Viatu Vyote Viwili

Bwana asifiwe! Mmeitika kama watu waliokula jana. Haya, tuendelee hivyo hivyo.

Ndugu zangu, wivu karibu uniulie baba. Alikuwa hawezi kutoka shamba la Busunzu bila kusimama njiani, mguu unamkaza, kidole kimeanza kuwa cheusi. Akapewa rufaa ya hospitali ya mbali. Nani amsindikize? Mdogo wangu! Eti mimi nina utani mwingi. Yeye akapanda basi na sketi mpya, mimi nikabaki na mbuzi.

Akipiga simu, majirani wanamzunguka mama kama redio ya mpira. "Kuna mashine kama pango, inapiga picha mishipa ya mguu. Madaktari wanalinganisha dawa mbili za kuing'arisha: moja ya madini fulani, nyingine ya chuma. Wanamchoma moja, siku nyingine ile ya pili, waone ipi inaonyesha vizuri palipoziba."

"Huyu ni daktari kabisa!" majirani wakasema. Nikaisukuma sahani yangu ya ugali wa muhogo.

Siku moja mdogo wangu akaomba kuongea na mimi. "Dada, baba aliwahi kuumwa figo? Vipimo vya damu vinawatia shaka, na ile ya madini inaweza kumdhuru mwenye figo mbovu. Mwenyewe anakataa."

Nilijua! Mdogo wangu akiwa bweni, baba alivimba uso, akanywa mizizi, akaniapisha nisiseme. Aliogopa akiitwa mgonjwa hataitwa tena kusuluhisha ugomvi wa watu. Nikajibu, "Si wewe daktari? Jijibu." Nikakata.

Nikaenda kuteka maji, najiona mshindi. Njiani nikamkuta mzee jirani yetu, mguu mmoja, magongo mawili, utani kama kawaida: "Mjukuu, baba yako akirudi tutagawana jozi moja ya viatu!"

Ndoo nikaitupa. Nikakimbilia simu ya mama. "Aliumwa. Alivimba. Niliificha."

Mdogo wangu akasema: "Asante, dada. Ile ya madini ilikuwa kesho."

Wakamtoa kwenye ulinganisho, wakampa ya chuma peke yake. Palipoziba pakaonekana, wakapazibua. Baba yule pale, benchi la pili, viatu vyote viwili. Nisamehe, baba, siri imetoka tena.

Nawashukuru madaktari, na mzee wa magongo, mtani wangu. Nawaambia, wivu bado ninao, ila mgonjwa akisubiri jibu, toa jibu kwanza, nuna baadaye.

Na wewe mdogo wangu, asante. Sketi hiyo Jumapili ijayo naivaa mimi.