Viti Vinavyotazama Ukuta

Kuna jambo nimelifikiria miaka mingi na bado limenishinda. Watu wanaolalamika kila siku kwamba mgahawa umechakaa, kiti kinayumba, rangi inabanduka, kwa nini huuhama siku unapopendezeshwa? Ndivyo lilivyokimbiwa, baada ya kupambwa upya, tawi la sokoni la mgahawa mmoja wenye matawi kila mji, hadi wahudumu wake wakarudishwa nyumbani. Kisha zamu ikalifikia tawi lililo mbele ya kijiwe chetu. Kampuni yenye jina la mgahawa ilitaka matawi yote yafanane. Mama Tawi, aliyelikodi jina hilo, alikuwa na njia mbili: afuate mchoro, au kibao kishushwe mlangoni. Meza zake ndefu, ambako watu wasiojuana walikula wakitazamana, zilikuwa zimeshatolewa nje. Ndani, Msumari, fundi wetu, alikuwa amefunga viti virefu vya mtu mmoja mmoja, vyote vikielekea ukutani. Alikuja kwenye mabenchi yetu mawili yanayoelekeana kunywa kahawa, vumbi likiwa bado kwenye kope.

— Msumari, wateja wamekosa nini? akauliza Redio, dereva wa teksi ambaye hunyamaza akilala tu. Mbona umewageuzia ukutani kama watoto watoro?

— Mimi mkono tu, kaka. Mchoro umetoka makao makuu.

— Mchoro una akili, akasema Kamusi, ambaye husoma hata karatasi ya kufungia sabuni. Kiti cha peke yako, ukuta mbele: unakula, unaondoka, anakaa mwingine. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo umeibebesha mzigo usio wake, nikamwambia.

— Itaubeba!

— Nyie hamjui kitu, Redio akasogeza kikombe. Matawi yakifanana, mteja hajui yuko mji gani. Asipojua yuko mji gani, hajui kwao ni wapi. Asiyejua kwao atakula wapi? Hapohapo!

— Loo!

— Na zile taa za njano walizofunga humo ndani? Zinalidanganya tumbo kwamba jua limezama, lidai chakula cha usiku saa nane mchana.

— Tumbo lina macho, Redio?

— La mwenye njaa lina macho, masikio na leseni ya udereva!

Tulikuwa bado tunacheka Mama Tawi alipovuka barabara, aproni kiunoni. Hakuwa amewahi kukaa kijiweni.

— Shikamoo, Mama.

— Marahaba, wanangu. Sogeeni.

Tukasogea, akaketi. Akaupapasa ubao wa benchi uliopasuka.

— Hapa hapana hata pa kuegemea mgongo. Kwangu kuna viti vipya vyenye mto, na nimewakaribisha kahawa ya bure tangu asubuhi. Mbona mko hapa?

Redio akamtazama Kamusi. Kamusi akamtazama Msumari. Tukatazamana sote, benchi hili na lile. Mama Tawi akatutazama tulivyotazamana, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

— Basi, akasema akiinuka. Rangi yao itabaki. Taa zao zitabaki. Meza zangu zinarudi ndani.

— Na mkaguzi wa kampuni? Msumari akauliza. Si anakuja kesho?

— Nitamkalisha kwenye meza hizohizo, nimwambie haya tukiangaliana machoni. Wahudumu wangu siwarudishi nyumbani kwa ajili ya ukuta.

— Wakishusha kibao?

— Washushe. Jikoni nitapika mimi.

— Mama, Redio akaonya, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Langu bado zima, mwanangu. Lete lako tubebe meza.

Msumari alivifungua viti alivyovifunga mwenyewe, kimoja kimoja, bila kunung'unika. Redio na Kamusi walibeba benchi moja la kijiwe wakigombana mlangoni nani aingie kinyumenyume. Mimi nilishika meza ya kwanza upande mwepesi. Ule mzito aliubeba Mama Tawi.