Utepe wa Mwani Kidoleni mwa Jenabai

Baada ya alasiri, baraza ya Riaz, fundi redio wa kichochoro cha nyuma ya Darajani, haiwakosi watu wawili: Abdulrazak, aliyebandikwa jina la Waziri kwa kuwa kila jambo ana tamko lake, na Pandu Betri, baharia mstaafu asiyeishiwa chaji ya kubisha. Siku ile vikombe vya kahawa walikuwa navyo mkononi, lakini macho yalikuwa kwenye utepe laini uliolala juu ya kibao. Riaz aliupika mwenyewe kwa mwani, jelatini, glisirini na chumvi; unavutika kama mpira, na unapitisha umeme. Aliutaka kwa ajili ya mama yake, Jenabai, aliyepigwa na kiharusi miezi mitano nyuma, mkono ukapooza. Mama aliapa kwamba kidole chake cha shahada kinacheza, lakini hakuna aliyekiona, na mtu wa mazoezi ya viungo alishaanza kukata tamaa. Kidole kikikunjika, utepe utavutika, umeme utapita kwa tabu zaidi, na mita itasema. Shida ni kwamba mita ilisema hata utepe ulipotulia.

— Namba inapanda tena, — alisema Waziri. — Na hujaugusa.

— Nnaiona.

— Unakauka huo.

— Nshaufunga plastiki, Waziri. Nshaupima uzito pia, haukupungua hata chembe.

Pandu akaweka kikombe chini.

— Skizeni. Mwani ni kitu cha bahari. Saa hizi maji yanajaa, na namba inajaa.

— Jana yalikuwa yanatoka, — alisema Riaz, — ikapanda vilevile.

— Basi unanenepa! Unakula umeme, unanenepa!

— Umechukia, — Waziri akakata shauri. — Kitu kilizoea kuishi huru, wewe unakifunga waya. Achana nao, Riaz. Mwache na mama apumzike.

Riaz hakuinua uso. Huu ulikuwa utepe wa kumi na tisa.

— Mama hajasema kama kachoka. Mimi ntachokaje?

Hapo akaingia Bi Mwatima, mkulima wa mwani kutoka Paje, na mfuko wa mwani mkavu aliokuwa ameagizwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika. Akasalimu, akasikiliza mabishano kidogo, akauliza:

— Na ukizigeuza hizo waya, ya huku ikawa huku, namba inakuwaje?

Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyejaribu.

Riaz akazigeuza. Namba ikashuka mbio, kisha ikaanza kupanda upya.

— Si utepe! — alisema. — Ni mita yangu. Inausukuma umeme upande mmoja tu, chumvi inakwenda kurundikana kwenye waya, inaziba njia. Unatakiwa umeme wa kwenda na kurudi, chumvi isipate muda wa kurundikana.

Akakimbilia dukani kwake, akarudi na mita nyengine, ile ya kupimia koili za redio, yenye kuugeuza umeme mara elfu kwa sekunde. Akaibana kwenye utepe. Elfu moja. Wakangoja. Elfu moja. Akauvuta mpaka ukafika urefu wake na nusu, ikawa elfu mbili na ushei. Akauachia, ikarudi elfu moja.

Mara Riaz alikuwa keshaingia ndani kwa mama yake, wenziwe na Bi Mwatima nyuma yake.

— Shikamoo mama. Nipe mkono.

— Marahaba. Umekuja na baraza nzima?

Akamfunga utepe juu ya kidole cha shahada.

— Haya mama. Kikunje.

Jenabai akafumba macho, jasho likamtoka juu ya mdomo. Kidole kilikuwa kimelala vilevile kama jana na juzi. Kwenye mita: elfu moja. Elfu moja na mbili. Elfu moja na sita.

— Legeza.

Elfu moja.

— Tena.

Elfu moja na saba.

Riaz akaushika mkono ule kwa mikono miwili.

— Nlikwambieni, — alisema Jenabai, akafumbua macho. — Usilie sasa. Nifunge na cha kati.