Mheshimiwa Generosa Mageni na Chumba cha Upasuaji cha Bulondo

Baba Paroko, Mheshimiwa Naibu Waziri uliyetumwa na Serikali kutufariji, waheshimiwa wabunge, ndugu, jirani na marafiki, shikamooni wote mnaostahili. Mimi ni Deusdedit Mageni, mdogo wake marehemu, muuza mchele wa Kagongwa, na kabla sijaanza naomba mniwie radhi kwa kushika simu mbele ya jeneza. Si utovu wa adabu, ni kwamba binti pekee wa marehemu, Juliana, ambaye mlitegemea kumwona hapa mbele, yuko Kituo cha Afya Bulondo tangu alfajiri, uchungu umemshika, na mtoto wake wa kwanza alimpata kwa upasuaji, kwa hiyo mwili wangu mnauona hapa lakini roho yangu iko kule.

Marehemu Generosa Mageni alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 katika kijiji hiki cha Bulondo, akiwa mtoto wa pili wa mzee Mageni Maganga na mama Klara, wakulima wa pamba na wafugaji. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1976, akaendelea na sekondari Shinyanga mjini, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu mwaka 1990. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuuliza, akiambiwa ng'ombe wamerudi anauliza wangapi, akiambiwa mvua inakuja anauliza nani kasema, mpaka baba akawa anatutania kwamba huyu tukimwoza, mume atarudi kudai ng'ombe wake.

Mume hakurudi kudai kitu. Tarehe 5 Septemba 1992 alifunga ndoa na marehemu Athanas Chacha, kijana aliyetoka Tarime kuja kutafuta dhahabu, wakajenga Kalangalala, pale Geita mjini, na Mungu akawajalia watoto wawili, Onesmo, aliyezaliwa mwaka 1994, huyu mnayemwona ameshika msalaba, na Juliana, aliyezaliwa mwaka 1997. Shemeji Athanas baadaye alipata kazi ya kuendesha malori kwenye mgodi wa Buzwagi, familia ikahamia Kahama, na huko ndiko alikofariki kwa maradhi mwaka 2014, na dada hakuolewa tena, akisema maswali yake yote yalishamzoea mtu mmoja.

Kazi ya ukunga aliianzia kwenye zahanati ya hapa Bulondo, akaendelea Kahama, na kila likizo alirudi nyumbani. Ilikuwa katika likizo moja, mwaka 2011, ambapo jirani yetu Paskalina alishindwa kujifungua, akapakiwa nyuma ya pikapu juu ya viroba vya mawe ya dhahabu kwa kuwa gari jingine halikuwepo, na dada akapanda naye, akawa anamshikilia huku damu inatoka, na kabla hawajafika Geita wakageuza gari kumrudisha nyumbani, yeye na mtoto wake, wote wawili. Baada ya siku ile dada alibadilika. Watu husema aliingia siasa kutafuta ukubwa, wanajisemea tu, mimi nilikuwepo pikapu iliporudi.

Mwaka 2020 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Viti Maalum. Hakuwa mbunge wa kupiga kelele, na swali hakulipeleka Bungeni kabla hajaenda mwenyewe kukaa kutwa nzima kwenye benchi la wodi ya wazazi, amejifunga khanga kama mgonjwa, anasikiliza. Februari 2023 aliiuliza Serikali ni lini Bulondo itapata gari la wagonjwa, na kabla mwaka haujaisha gari lilifika, akina mama wakalipokea kwa vigelegele na kulimwagia unga wa mtama kwenye boneti, dereva Fredy akashinda siku nzima analisugua.

Kilichobaki ni chumba cha upasuaji. Jengo lilishakamilika, kitanda kipo, taa zipo, mpaka leo zimefunikwa nailoni, lakini mtaalamu wa dawa ya usingizi hakuna, na bila yeye daktari hawezi kumpasua mtu. Mwaka 2024 dada aliuliza, akajibiwa kwamba Serikali inatambua umuhimu huo na italeta mtaalamu kadiri ajira zitakavyopatikana, nasi huku, tukiwa tumezunguka redio, tukashangilia, tukachinja ng'ombe, akina mama wakaenda kudeki chumba wakiamini mtaalamu anafika Jumatatu. Alipopiga simu akakuta ngoma zinalia nyuma yangu, akanigombeza, "Deus, mnashangilia nini? Nani kawatajia tarehe?" Basi akaandaa swali jingine, la kutaka tarehe.

Novemba 2024 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu hospitalini Dodoma, na swali lake likapangiwa asubuhi ya tarehe 29 Aprili 2025, siku ambayo alikuwa kitandani kwenye mashine. Kanuni zinaruhusu mwenzako asimame kwa niaba yako, kwa hiyo alimwomba mheshimiwa mmoja, ambaye sitamtaja, na akamweleza maswali mawili ya nyongeza, kwamba mtaalamu anafika tarehe gani, na kwamba hadi afike, mama anayehitaji kisu akimbilie wapi. Mheshimiwa yule alisimama vizuri, akalitaja jina la dada vizuri, jibu likasomwa, tena jibu lilelile la kutambua, na alipopewa nafasi ya nyongeza akaitumia yote kuulizia daraja la jimboni kwake. Daraja! Jamani, daraja! Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, tunatazama luninga pamoja, muuguzi akataka kuizima, dada akamwambia, "Acha, mwanangu, angalau nijue hilo daraja liko wapi," akacheka kidogo, kisha akageukia ukutani akalia. Sikuwahi kumwona analia tangu ile pikapu.

Alipanga kurudi Bungeni Juni aulize mwenyewe, na tuliyaamini hayo, lakini hali ilibadilika ghafla, na Jumanne tarehe 20 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, akiacha watoto wawili na mjukuu mmoja, na huyo wa pili tunayemsubiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Dodoma waliomhudumia hadi pumzi ya mwisho, inawashukuru wabunge wenzake, inawashukuru jirani wa zamani wa Kalangalala na wa hapa Bulondo waliopika na kuteka maji, wabeja sana, na inaishukuru kamati ya mazishi chini ya baba mdogo Benjamini, ambayo kwa kumheshimu marehemu iliomba gari la wagonjwa, matunda ya swali lake, liongoze jeneza hadi kaburini, na mnaliona pale limefungwa vitambaa vya zambarau.

Samahani. Simu hii. Ni Nesi Salome wa kituoni, naomba utulivu kidogo.

Ndugu zangu, Juliana anatakiwa Geita sasa hivi kwa upasuaji, mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka, na Nesi Salome anauliza gari la wagonjwa liko wapi. Liko hapa. Tumelileta wenyewe. Fredy, washa gari, vitambaa viache, nenda! Onesmo, mpe mtu huo msalaba, panda naye, ni dada yako. Baba mdogo Benjamini, kaa, hakuna anayekulaumu, wote tulikubali. Mheshimiwa Naibu Waziri, nakuomba kwa heshima zote, gari lako na la mkuu wa msafara ndiyo yaliyoziba njia, mwambie dereva wako ayatoe, na kama hamwoni, basi funguo zitafutwe, vijana watayasukuma, lakini yatoke.

Waombolezaji, pisheni njia, akina mama sogezeni viti. Historia niliyopewa kusoma imeishia hapa. Dada Generosa, utapumzika kwa amani, lakini tuvumilie kidogo, tutakuzika gari likishapita.